Uso wa Kuuzia

Tulimzika Mama Aikande kijijini Akheri, pembeni ya migomba aliyoipanda mwenyewe, siku ambayo Mlima Meru ulijifunika mawingu tangu asubuhi na haukutoka hata kutoa pole. Nilifika mapema, maana msibani ukichelewa unaishia kukaa juani. Nikachagua kiti cha chini ya turubai, mstari wa nyuma, mahali pa kuziona sufuria za wali. Nikahesabu sufuria, nikahesabu watu, nikawarudia watu tena kwa sababu kuna waliokuwa wanahamahama, nikaridhika kwamba chakula kitatosha. Ndivyo nilivyo, hata kwenye huzuni sijui kukaa bila kuhesabu. Aikande alinijia akiwa amejifunga khanga kiunoni, miwani imeteleza hadi puani, akanikumbatia, kisha akanishika mkono na kunipeleka kwa shemeji zake na wazee wa usharika. “Huyu ni Upendo,” akawaambia. “Rafiki yangu, tumesoma pamoja.” Wakanipa mikono, wakanipa pole. Nami nikapokea kwa uso mkavu, kama mtu aliyesikia kauli ya kawaida. Ni kweli tulisoma pamoja, kidato cha kwanza hadi cha nne, dawati moja. Lakini Aikande alikuwa pia mwalimu wangu. Alinifundisha mwaka mzima, yeye akiwa na miaka ishirini na tatu na mimi vilevile, na akiingia darasani mimi ndiye niliyesimama. Hilo hakuwaambia. Alijua tangu zamani kwamba linaniunguza, na hata siku ya kumzika mama yake bado alikuwa ananifunikia. Nikarudi kwenye kiti changu, nikala wali, na aibu niliyodhani imezeeka nikaikuta bado kijana.

Mwaka huo alionifundisha nilikuwa nauza viatu vya mtumba sokoni Kwa Mrombo. Sikuwa muuzaji mbaya. Ukifika pale wakati wa jua kali, vumbi limepanda na moshi wa nyama choma unapita juu ya vichwa, ungenikuta nimekaa kwenye kiroba, mguu mmoja juu ya mwingine, kama mtu asiye na shida ya kuuza chochote. Huo ndio uliokuwa mtaji wangu, uso ule. Jirani yangu wa kibanda, Baba Rama, mzee aliyeuza mikanda na kofia, ndiye aliyenifunza. “Mwanangu,” aliniambia nilipoanza, “usicheke na mteja kabla hajaingiza mkono mfukoni. Na asijue kamwe kitu usichokijua.” Mteja akiniuliza kiatu hiki kimetoka nchi gani, sikusema sijui. Nilikigeuza, nikakinusa, nikamwangalia kama vile swali limenichosha, nikasema, “Hiki? Italia.” Akiniuliza kama ni ngozi, nilimuuliza yeye kama haoni. Miaka mitano ya kufanya hivyo na uso unaganda. Nikawa na uso wa kuuzia kazini, nyumbani, kanisani, na hata kwa daktari wa meno, ambaye alidhani siumwi.

Kilichokuwa chini ya uso huo ni sifuri. Nilimaliza kidato cha nne nikapata sifuri, ile ya matokeo kubandikwa ukutani na watu kulisoma jina lako kwa kidole. Kwa miaka mitano nilijifanya haikunihusu. Kisha siku moja mteja wangu mmoja, mama wa ofisini, baada ya kubishana naye mpaka akakaribia kunitupia kiatu, akacheka na kusema, “Wewe ungesomea ununuzi na ugavi. Kuna watu ofisini wanalipwa mshahara kwa kazi hii unayoifanya hapa bure.” Nilidhani ananitania. Nikaulizia chuoni, nikaulizia tena mahali pengine kuhakikisha, nikakuta ni kweli. Walitaka cheti cha kidato cha nne chenye ufaulu wa masomo manne, D nne tu, na Hisabati iwe mojawapo. Nikarudi kibandani nikiwa mgonjwa wa hamu. Usiku nikajiona ofisini, nimekaa kwenye kiti cha kuzunguka, namwambia mwuza karatasi kwamba bei yake ni ya kitoto. Ndipo nilipoamua kurisiti, niurudie mtihani. Na kwa kuwa sokoni nilikuwa mtu anayejua kila kitu, sikumwambia mtu yeyote. Baba Rama nilimwambia nimejiunga na kwaya.

Twisheni ilikuwa kata ya Sokon I, kwenye chumba cha nyuma ya duka kilichowahi kuwa stoo ya saruji. Saruji ilishaondoka lakini vumbi lake halikuondoka. Ukikaa kwenye benchi unainuka na sketi yenye alama nyeupe, kwa hiyo hata ukimficha mtu, makalio yako yanakutangaza. Wanafunzi wenzangu walikuwa watoto wa miaka kumi na saba, kumi na nane, wengi walioshindwa mwaka uliotangulia, bado wana chunusi na vicheko. Mimi nilikaa nyuma kabisa. Msichana wa mbele yangu aligeuka, akaniangalia, akaamkia, “Shikamoo.” Alidhani nimemleta mdogo wangu. Kabla sijajua nimjibu nini, mlango ukafunguka, darasa zima likasimama na kuvuta kwa pamoja, “Shikamoo madaaam!” Na madam aliyeingia, ana chaki mkononi na begi la mgongoni, alikuwa Aikande. Alikuwa amemaliza chuo cha ualimu na anasubiri kupangiwa shule. Nami nilikuwa nimesimama na wenzangu, mdomo wazi, neno la heshima limefika kwenye meno likakwama. Kumwamkia shikamoo mtu mliyegombania naye kipande cha muwa! Nilichezesha midomo tu, sauti sikuitoa. Aliona. Aliniangalia kidogo, akaangalia pembeni haraka kama mtu aliyefungua mlango wa bafu bila kubisha, akasema, “Marahaba. Kaeni.”

Kipindi kilipokwisha aliniita wengine wakiwa wametoka.

“Upendo.”

“Madam.”

“Usiniite madam, bwana.”

“Nikuite Aikande mbele ya hawa watoto? Watakupanda kichwani kesho asubuhi.”

Akacheka, akafuta chaki kwenye vidole. “Haya, niambie. Unataka nini?”

“D nne. Hisabati ikiwemo.”

Akanionyesha mada za mwaka. Nikazipitia kwa kidole, nikazipitia tena kutoka chini kwenda juu. “Zote hizi? Nipunguzie.”

“Hapa si Kwa Mrombo, Upendo.”

“Basi toa hata hii logarithimu. Nani ataniuliza logarithimu kwenye maisha yangu?”

“Mtunga mtihani.”

“Yeye hapunguzi?”

“Hapunguzi.”

“Mtu wa ajabu sana huyo,” nikasema, nikaondoka nikijiona nimeongea vizuri, na njia nzima masikio yakawa yanawaka.

Nikijitazama sasa naona kwamba kosa langu halikuwa uvivu. Nilisoma kama punda anavyobeba. Sokoni, kati ya mteja na mteja, nilikariri majibu ya mitihani iliyopita nikiyapanga kichwani kama mzigo: haya ya Uraia huku, haya ya Biolojia kule. Kosa langu lilikuwa la kibiashara. Nilimchukulia mwalimu kama mteja, na mteja hapaswi kujua usichokijua. Aikande akieleza jambo ubaoni, kisha akauliza, “Mmeelewa?”, wale watoto walikunja nyuso, wakatafuna kalamu, mmoja akaguna. Mimi nilitikisa kichwa taratibu, kama mtu ambaye jambo hilo alilijua siku nyingi na anashangaa limechelewa kuletwa. Akinikazia macho na kuuliza, “Upendo, sawa?”, nilijibu, “Sawa kabisa.” Hakuna siku niliyosema sijui. Nilirudi nyumbani na giza lilelile nililokwenda nalo, na uso safi. Ulipofika mtihani wa majaribio, uso haukusaidia kitu, maana karatasi haikuangalii. Aikande alirudisha karatasi kwa kila mtu huku akizitaja alama. Yangu aliikunja mara mbili akaniwekea mezani bila kusema neno. Huruma ile iliniuma kuliko kama angetangaza. Niliifungulia chooni. Hisabati, kumi na mbili kwa mia. Nikageuza karatasi nikidhani nimeishika kichwa chini miguu juu, lakini kumi na mbili ilikuwa kumi na mbili.

Hakunikaripia. Aliniambia tu, “Sokoni kuna kelele. Njoo nyumbani mchana. Mama anashinda na kuku wake, sebuleni hakuna mtu.” Nilitaka kukataa. Mtu akikupa kitu bila kumwomba unakuwa huna pa kushikia mazungumzo. Lakini ile kumi na mbili ilikuwa bado imo kwenye sidiria, nimeikunja, nikakubali. Baba Rama nikamwomba aniangalizie kibanda mchana.

“Kwaya gani hiyo inaimba kila siku mchana?” akauliza.

“Tunajiandaa na Pasaka.”

“Pasaka si imepita mwezi uliopita?”

“Ya mwakani, Baba Rama.”

Akanitazama muda mrefu, akavuta kofia yake mbele. “Itakuwa kubwa hiyo,” akasema.

Sebule ya Mama Aikande naiona mpaka leo kuliko vyumba vingi nilivyolala. Makochi mekundu yamevalishwa vitambaa vyeupe alivyofuma mwenyewe, kimoja kwa kila mkono wa kochi na kikubwa mgongoni, na ukikaa vibaya kitambaa kinashuka na wewe unajikuta unakirudisha kama mtu aliyevunja kitu. Kabati la vioo lenye glasi ambazo hazikuwahi kunywewa. Picha ya Aikande siku ya mahafali ya chuo, kavaa joho, imening'inizwa juu kabisa, na meza niliyopewa ilikuwa chini yake, kwa hiyo kila nikiinua kichwa kutafuta jibu nilikutana na yeye akinitabasamia. Mama mwenyewe alikuwa mwanamke mfupi, mnene, mwenye sauti ya chini. Siku ya kwanza nilimwamkia, akaitikia, “Marahaba, mwanangu. Acha viatu mlangoni. Nawa mikono. Kaa pale.” Akaona naangalia saa ya ukutani. Akatoa kitambaa kwenye mkono wa kochi, akapanda kistuli, akaifunika saa. “Utasoma mpaka kuku wale,” akasema. Kuku walikula jua lilipovuka paa la jirani. Ilikuwa sheria yake pekee na haikuwa na mjadala. Nilijaribu kumbembeleza mara moja, nikamwambia kuku wanaonekana wana njaa leo. “Kuku hawajalalamika,” akajibu, akarudi uani.

Baada ya kuku tulikula sisi. Mara nyingi ilikuwa loshoro, mahindi yaliyochemshwa yakaiva mpaka yakalainika, yakachanganywa na maziwa mgando, ya baridi, kwenye bakuli la bati; siku nyingine ndizi na maharage, na chai ya maziwa kila siku. Tulikula jikoni, kwenye viti vifupi. Na kila siku, kabla hajanipa kijiko, Mama aliuliza swali lilelile: “Leo umeshindwa nini?” Hakuwahi kuuliza nimesoma nini. Nami kila siku, kwa uso wa kuuzia, nilijibu, “Hakuna, mama. Leo yote yamekaa sawa.” Alikuwa ananiangalia, anasema, “Haya,” ananipa bakuli dogo. Nilidhani ndilo bakuli la wageni.

Siku iliyobadilisha mambo ilikuwa siku ya mvua, kuku wamejikunyata chini ya ghala. Aikande alirudi mapema akapitia mlango wa uani. Kati ya sebule na jiko hapakuwa na mlango, palikuwa na pazia la maua. Mimi nilikuwa nimeinamia hesabu ya sehemu, naisoma kwa mara ya kumi, nikasikia bakuli likiwekwa na Mama akiuliza, “Vipi mwenzako, ataweza?” Nikaacha kuandika ili nisikie vizuri, nikitegemea kusifiwa, nilikuwa nimesoma majuma mengi bila kukosa. Nikasikia Aikande akivuta kiti. Kisha akasema, “Mama, hatafaulu.”

“Umemwambia?”

“Nitamwambiaje? Kila nikimuuliza anasema ameelewa. Nikieleza mara ya pili ananiangalia kama namchelewesha. Yule wa mbele yake simjui hata ukoo wake lakini najua anakwama wapi. Upendo nimemjua tangu tuna miaka kumi na nne na uso wake siusomi. Kumfundisha ni kama kununua kiatu kwake.” Sauti yake ikabadilika. “Na akishindwa tena, mama, mimi ndiye nitakuwa nimemshindisha. Usiku silali.”

Mama aliendelea na sufuria yake. Nilisikia tu kijiko kikikoroga. Mimi nilikuwa nimekaa chini ya ile picha na sikuweza kuinua kichwa. Nilikuwa nimejiandaa kwa dharau. Ningeisikia dharau ningejua la kufanya, ningeondoka kwa kishindo, ningesema hata ualimu wenyewe ni wa kusubiri ajira. Kumbe mtu niliyemnyima shikamoo alikuwa anakosa usingizi kwa ajili yangu, na mimi ndiye niliyemnyima kazi yake, siku baada ya siku, kwa kutikisa kichwa. Mama akaita, “Upendo, njoo ule.” Nikainuka, nikarekebisha kitambaa cha kochi, nikavuta pazia. Aikande alikuwa ananawa mikono, hanitazami. Nikakaa kwenye kiti kifupi. Mama akainua kijiko.

“Leo umeshindwa nini?”

Nilifungua mdomo kusema hakuna. Kwa kweli lile neno lilishatoka nusu. “Sehemu,” nikasema.

“Sehemu ipi ya kitabu?”

“Si ya kitabu, mama. Sehemu zenyewe. Nusu, robo, theluthi. Sijui kuzijumlisha. Zikiwa na namba za chini tofauti, sijui.” Uso ulikuwa unanitetemeka, sikujua kama uso wa mtu mzima hutetemeka. “Sijawahi kujua.”

Aikande aliacha maji yakimwagika. Hilo ni somo la shule ya msingi. Kila kitu alichokuwa amenifundisha tangu mwaka uanze, milinganyo, uwiano, logarithimu, alikuwa amekipanga juu ya ghorofa ya chini ambayo haikuwepo. Hakuna aliyecheka. Mama alichukua bakuli langu dogo, akalirudisha kwenye rafu, akashusha kubwa, akalijaza loshoro mpaka juu. “Kumbe una njaa,” akasema.

Nilidhani shida imekwisha, kwamba Aikande atanifundisha sehemu palepale jikoni na siri itabaki kwa watu watatu na kuku. Nikamwambia hivyo. Akakataa. “Kesho uulize darasani.”

“Aikande, nitakufanyia chochote. Chagua viatu.”

“Wapo wanne mle ndani hawajui, nawaona. Wanaogopa kuchekwa. Wewe ni mkubwa.”

“Ndiyo maana mimi ndiye nitakayechekwa zaidi!”

“Ndiyo maana,” akasema. Ni mara ya pekee nimewahi kushindwa kubishana na mtu kwa maneno mawili.

Kesho yake niliinua mkono. Sijawahi kubeba kitu kizito kama mkono ule. “Madam,” nikasema, “mimi sijui kujumlisha sehemu.” Kijana mmoja wa pembeni, Godi, mwenye mdomo mkubwa kuliko kichwa, akageuka. “Dada mkubwa, hiyo si ya darasa la nne?” Darasa likalipuka. Nilitaka saruji irudi kwenye ile stoo ituzike wote. “Darasa la nne nilikuwa naumwa,” nikamjibu, wakacheka tena, lakini cheko la safari hii lilikuwa la kwangu. Aikande alikuwa ameshageuka ubaoni. Alifuta kila kitu alichokuwa ameandika, ubao mzima, akachora mkate, akaukata. Na nilipothubutu kuangalia pembeni, niliona vichwa vimeinama vinanakili ule mkate kwa bidii ambayo mtu anayejua hana. Nikavihesabu. Havikuwa vinne. Vilikuwa saba, na Godi akiwemo.

Tangu hapo nikawa na desturi moja, na ndiyo ninayowaambia vijana ofisini wanaponiuliza jinsi ya kujiandaa na mitihani, ingawa wanategemea niwaambie kuhusu ratiba na kahawa. Kila siku nilitafuta kitu kimoja nisichokijua, nikakitaja kwa mtu kabla sijala. Haikuwa rahisi zaidi kadiri siku zilivyokwenda; aibu haikuisha, ilizoeleka tu kama kiatu kinachobana kidole. Nilikuwa nauliza huku shingo ikiwa ya moto. Nikaona hata wale watoto wameanza kunisubiri niulize ili wao waandike. Kukariri nikaacha, nikafunga daftari baada ya kila mada na kujaribu kuieleza kwa maneno yangu, nikikwama naanzia hapo. Na sokoni? Sokoni uso ulibaki palepale. Kwa Baba Rama bado nilikuwa mwanakwaya. Niliweza kuwa mjinga Sokon I na kuwa mjuzi Kwa Mrombo, na nikajiona nimepata biashara nzuri pande zote mbili. Mtihani ulipofika nilikaa kwenye chumba kimoja na watu wasionijua, nikasoma maswali yote, nikayasoma tena, na kwa mara ya kwanza nikajua lipi ninalijua na lipi silijui. Nilianza na ninayoyajua. Mawili niliyaacha wazi, bila kujaza maneno ya kupamba. Nikatoka bila kujua kama nimefaulu, lakini nikijua nilichouza.

Matokeo yalitoka Januari, msimu wa viatu vya shule. Ukitaka kujua wazimu wa Kwa Mrombo, njoo wiki ya kufungua shule: kila mama ana mtoto mkononi, kila mtoto ana mguu uliokua kuliko mwaka jana, na viatu vyote ni vyeusi. Sisi wauza viatu hatutoi jozi nje. Tunapanga kiatu kimoja kimoja juu ya turubai, cha kushoto, na mwenzake anakaa ndani ya kiroba, ili mwizi akichukua apate hasara. Mteja akikubali bei ndipo unaingiza mkono kumtafuta wa kulia. Nilikuwa nimezungukwa na watu kama sita, nabishana na watatu, nilipomsikia Aikande kabla sijamwona. Alikuwa anakimbia katikati ya vibanda na begi lake la mgongoni, anaita jina langu kwa sauti ambayo hata darasani hakuwahi kuitumia.

“Upendo! Upendo! Yamebandikwa! Umepata! D nne na C ya Kiswahili, na Hisabati imo! Hisabati imo!”

Alifika akihema, macho yana machozi, mikono ameshaifungua. Na watu wote waligeuka, wateja, Baba Rama, mwuza soksi wa ng'ambo ya njia. Nami uso wangu ukafanya kile ulichokuwa umefundishwa kufanya. Ukakauka. “Sawa,” nikasema. “Nimesikia. Ngoja nimalizane na mteja.” Aikande alisimama pale juani kati ya viatu vya kushoto. Mikono ikashuka yenyewe. Alisubiri nimalizane na yule mteja, na wa pili, na wa tatu. Kisha akasema polepole, “Haya, mimi natangulia.” Nikasema, “Haya.” Nikamwona mgongo wake ukipotea kwenye watu, na mkono wangu uko ndani ya kiroba.

“Nani yule?” Baba Rama akauliza.

“Mtu wa kwaya.”

“Umepata nini?”

“Sauti ya pili.”

Akaguna, akarudi kwenye mikanda yake. Nikaendelea kuuza. Niliuza vizuri sana saa ile, kwa sauti imara, bila kupunguza. Jioni nilikwenda kwao nikamwomba msamaha jikoni mbele ya mama yake, na akanipa, lakini jioni haifuti mchana. Hakuna siku niliyomkuta tena akinikimbilia na habari yoyote. Kilichotokea kabla ya jioni hiyo ni hiki. Nilikuwa nafunga noti kiunoni nikasikia mtu ananiita kwa hasira. Mama mmoja aliyekuwa ametoka kununua alikuwa amerudi, kamvuta mtoto wa kike wa miaka saba hivi, amevishwa viatu vipya, anatembea kama bata anayezunguka upande mmoja.

“Dada! Hebu mwangalie huyu. Mwanangu ana miguu miwili ya kushoto?”

Watu wakacheka. Nikatazama chini: cha kushoto na cha kushoto. Nikakimbilia turubai, nikaangalia, nikaingiza mkono kwenye kiroba, nikahesabu waliobaki, nikahesabu tena. Tangu Aikande aondoke nilikuwa naokota vyote viwili juu ya turubai, sikuwa nimeuza jozi hata moja iliyo sawa. Mtaani kulikuwa na watoto kadhaa wanaokwenda shule kesho yake kwa miguu ya kushoto, na mimi nilikuwa nimewaangalia mama zao usoni nikawaambia vinawakaa vizuri. Nikakaa kwenye kiroba. Uso ukaniachia wote kwa mara moja, mbele ya soko zima, machozi na kamasi, sikuwa na hata leso.

“Nisamehe mama,” nikasema. “Nimefaulu mtihani.”

“Mtihani gani?”

“Wa kidato cha nne.”

Baba Rama aliweka mkanda chini. Yule mama akanitazama kuanzia kichwani hadi kwenye viroba, akanirudia kutoka chini kwenda juu.

“Wewe? Na ukubwa huo?”

“Mimi,” nikasema. “Nilipata sifuri. Nikarisiti.”

Akafikiri kidogo, akamvua mtoto kiatu kimoja, akaninyooshea.

“Hongera,” akasema. “Haya, nipe cha kulia.”